Robert Koch: Bingwa wa vijidudu aliyeshindwa na seli moja kando ya maziwa ya Afrika

Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia nchi ya Wabwile huko Puta hadi Nchelenge na kuelekea kusini Mto Luapula unakoingia ziwani, waliamriwa na watawala wa kikoloni kuhama kando ya maji. Vijiji vilisogezwa bara, uvuvi ukawekewa vikwazo, na kuvuka kwa mtumbwi kwenda upande wa Kongo kukapigwa marufuku. Wengi walisubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndipo wakaruhusiwa kurejea.

Chanzo cha amri hiyo kilikuwa kiumbe asiyeonekana kwa macho, mwenye seli moja tu: tripanosoma, kimelea cha ugonjwa wa malale, ambaye huingia katika damu ya mtu anapoumwa na mbung'o.

Miongoni mwa walioitwa kupambana na kimelea huyo katika eneo la Maziwa Makuu alikuwa Robert Koch, daktari Mjerumani ambaye wakati huo alihesabiwa kuwa bingwa mkuu wa magonjwa ya kuambukiza duniani. Ushindi wake na kushindwa kwake vinaonyesha kwa nini somo la seli, ambalo mwanafunzi wa sekondari hulianza kwa kuchora duara lenye kiini katikati, linagusa uhai wa watu.

Daktari wa wilaya

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 huko Clausthal, mji wa migodi katika milima ya Harz nchini Ujerumani, ambako baba yake alikuwa afisa wa madini. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno. Madaktari wengi hawakuikubali dhana hiyo kwa sababu haikuwa na ushahidi.

Baada ya kuhudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vilivyoanza mwaka 1870, Koch aliajiriwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo nchini Poland na huitwa Wolsztyn. Hakuwa na maabara ya chuo wala msaidizi aliyelipwa. Alichokuwa nacho ni pembe ya chumba alichopokelea wagonjwa, na hadubini ambayo inasimuliwa kuwa ni zawadi kutoka kwa mkewe, Emmy.

Yaliyojulikana kuhusu seli

Seli ilikuwa imegunduliwa muda mrefu kabla ya Koch. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyelitumia jina hilo kwanza, mwaka 1665, alipokitazama kipande chembamba cha gamba la mti kwa hadubini na kuona vyumba vidogo vilivyopangana. Mwaka 1838 na 1839 Wajerumani Matthias Schleiden na Theodor Schwann walieleza kuwa mimea na wanyama wamejengwa kwa seli. Katika miaka ya 1850 Rudolf Virchow akaitangaza kanuni kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine iliyoitangulia.

Kwa mwanafunzi wa leo, aina tatu za seli zinatosha kuwa msingi.

Ya kwanza ni seli ya mnyama, iwe ya binadamu au ya samaki wa Mweru. Huzungukwa na utando mwembamba unaochagua kinachoingia na kinachotoka. Ndani yake mna ute uitwao saitoplazimu, ambamo kazi nyingi za seli hufanyika, na kiini kinachotunza maelekezo ya urithi. Humo pia mna mitokondria, ambazo hutumia chakula na oksijeni kuipatia seli nguvu.

Ya pili ni seli ya mmea, kama ile ya jani la muhogo. Ina hayo yote, na zaidi ya hayo ina ukuta mgumu nje ya utando, unaolifanya jani lisimame, pamoja na kloroplasti zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula.

Ya tatu ni seli ya bakteria. Ni ndogo zaidi na muundo wake ni sahili. Bakteria wengi wana ukuta, lakini hawana mitokondria wala kiini kilichofungiwa katika utando wake; maelekezo yao ya urithi yamo ndani ya ute bila chumba chake.

Tofauti hizi zilibainika kikamilifu katika karne ya 20, zilipopatikana hadubini za elektroni. Koch alifanya kazi yake kabla ya hapo, na jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa alipofika Afrika.

Kimeta na mbegu za ardhini

Katika wilaya ya Wollstein, kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa kwa kimeta. Watafiti wengine walikwishaona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, lakini hakuna aliyethibitisha kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoua au vilijitokeza tu baada ya kifo.

Koch aliviotesha vijiti hivyo nje ya mwili wa mnyama, katika majimaji aliyoyatoa kwenye jicho la ng'ombe, akavitunza kwa joto linalofaa na kuvitazama kwa saa nyingi. Aliona vikirefuka na kuwa nyuzi. Kisha ndani ya nyuzi hizo zikatokea chembe ngumu, kama mbegu, zenye uwezo wa kukaa ardhini miaka mingi bila kufa na kuamka tena zikiingia katika mwili wa mnyama. Hapo fumbo la wafugaji likafumbuliwa: malisho yaliua mifugo hata pale ambapo hapakuwa na mnyama mgonjwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha kazi hiyo mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn, na ikachapishwa mwaka huohuo. Kwa mara ya kwanza, aina moja mahususi ya bakteria ilikuwa imethibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa mmoja mahususi. Kimeta bado kipo: mwaka 2023 Zambia ilikumbwa na mlipuko wake kwa mifugo, wanyamapori na binadamu.

Kifua kikuu na ukuta wa nta

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi ya afya ya dola. Huko alitafuta njia ya kuitenga aina moja ya bakteria na nyingine. Alianza na vipande vya viazi vilivyochemshwa, akaendelea na jelatini. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipendekeza agari, ute wa mwani uliotumika jikoni kugandisha vyakula vitamu, ambao hauyeyuki upesi kwenye joto. Msaidizi mwingine, Julius Petri, alibuni kisahani chenye mfuniko ambacho hadi leo hutumika katika maabara za hospitali.

Machi 24, 1882 mjini Berlin, Koch alitangaza kuwa amekipata chanzo cha kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati huo uliua watu wengi mno barani Ulaya. Ugumu ulikuwa katika kumwona bakteria huyo. Ukuta wa seli yake umejaa mafuta yanayofanana na nta, hivyo hukataa rangi za kawaida zinazotumika kuzionyesha seli kwenye hadubini. Koch alifanikiwa kwa rangi ya bluu aliyoichanganya na alkali. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Ukuta uleule uliomficha adui ulikuja baadaye kuwa mahali pa kumpiga. Isoniazid, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, humzuia bakteria asitengeneze nta ya ukuta wake. Penisilini nayo huvunja ujenzi wa ukuta wa bakteria wa aina nyingi. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo dawa hizo zinaweza kumlenga bakteria bila kuziua seli za mgonjwa.

Mwaka 1883 na 1884 Koch alikwenda Misri na kisha Kolkata nchini India, ambako alimtambua bakteria wa kipindupindu na kuonyesha jinsi maji machafu yanavyoueneza ugonjwa huo. Jina lake sasa lilikuwa limevuka mipaka ya Ulaya.

Kosa la mwaka 1890

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini, bila kueleza kwanza ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Miezi michache baadaye ilidhihirika kuwa dawa hiyo haiponyi, na baadhi ya waliodungwa hali yao ilizidi kuwa mbaya hadi wakafa. Tuberkulini ilibaki kuwa kipimo cha kutambua kama mtu amewahi kuambukizwa.

Serikali ilimpa taasisi yake mwenyewe mwaka 1891, lakini sifa yake ilikuwa imetiwa doa. Aliachana na Emmy na mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya utafiti wake ilihamia nchi za joto.

Miaka ya Afrika

Mwishoni mwa mwaka 1896 alifika Kimberley, Afrika Kusini, kutafuta kinga ya sotoka iliyokuwa ikiteketeza ng'ombe barani. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ambako alichunguza malaria mjini Dar es Salaam. Mwaka 1903 alikwenda Bulawayo kuchunguza homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe, ile ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki huiita ndigana kali.

Mwaka 1905 alirejea Afrika Mashariki na kufanya kazi pia katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Alichunguza homa ya papasi na kuonyesha kuwa vijidudu vyake hupita hadi kwenye mayai ya papasi, kwa hiyo kizazi kipya huzaliwa kikiwa tayari na uwezo wa kuambukiza. Katika mwaka huohuo homa hiyo ilimuua Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiichunguza mashariki mwa Kongo. Dutton ndiye aliyekuwa amemtambua tripanosoma katika damu ya binadamu huko Gambia. Mwishoni mwa 1905 Koch alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Kambi ya visiwa vya Sese

Wakati huo malale yalikuwa yakiangamiza jamii za kaskazini mwa Ziwa Victoria. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walikufa nchini Uganda katika mlipuko ulioanza mwanzoni mwa karne hiyo. Aldo Castellani alikwishamwona tripanosoma katika majimaji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kuwa mbung'o ndiye anayemsafirisha.

Koch aliwasili mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 62, na kuweka kambi katika visiwa vya Sese. Wagonjwa walifika kwa mitumbwi, wengine wakibebwa, na idadi yao ilipita 1,000. Alichunguza damu yao, akachunguza mbung'o, na alipogundua kuwa mbung'o hao hunyonya sana damu ya mamba, alipendekeza mamba waangamizwe.

Dawa aliyokuwa nayo ni atoxyl, mchanganyiko wenye aseniki ndani yake. Jina lake lilikusudiwa kumaanisha kitu kisicho na sumu. Kwa dozi ya nusu gramu, wagonjwa walipata nafuu ya kuonekana na vimelea vilitoweka katika damu, lakini baada ya muda vilirudi. Koch aliongeza dozi hadi gramu moja.

Wagonjwa walianza kulalamika maumivu, kizunguzungu na kichefuchefu, na wengi walitoroka kambini. Zaidi ya 20 walipofuka, na macho yao hayakurudi tena. Dozi hiyo iliachwa. Waliopofuka walikuwa wamekuja kutafuta uzima kwa daktari mashuhuri kuliko wote, wakajaribiwa kiwango cha dawa ambacho madhara yake hayakuwa yamepimwa. Vitabu vimehifadhi jina la Koch; majina yao hayasomwi.

Kwa nini seli hii ilikuwa ngumu

Tripanosoma si bakteria. Ana urefu wa takriban mikromita 20, yaani sehemu 20 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Anaizidi kwa urefu chembe nyekundu ya damu ya binadamu, ambayo upana wake ni mikromita saba hadi nane. Huogelea kwa mkia mwembamba mfano wa mjeledi, uitwao flajela.

Ndani yake mna kiini kilichofungwa katika utando, na mna mitokondria moja ndefu. Hana ukuta. Kwa muundo huo, seli yake iko karibu zaidi na seli ya mtu anayemwambukiza kuliko na seli ya bakteria wa kimeta au kifua kikuu. Aseniki hunasa kwenye sehemu za protini zenye salfa, na protini za namna hiyo zimo katika seli za kimelea na katika seli za mishipa ya fahamu ya jicho. Sumu iliyomwua mmoja ilimfikia na mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo Koch hakuwa na namna ya kulijua. Utando wa tripanosoma hufunikwa na koti la protini. Kinga ya mwili inapojifunza kulitambua koti hilo, baadhi ya vimelea huwa vimekwishavaa koti jingine. Vita huanza upya, na kimelea hupata muda wa kufika kwenye ubongo. Hapo ndipo usingizi wa mgonjwa huvurugika na ugonjwa kupata jina lake.

Amri zilizofuata

Koch aliondoka Sese mwaka 1907. Alipendekeza wagonjwa watengwe katika kambi, vichaka vya kando ya maji vifyekwe, na watu waondolewe penye mbung'o. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa yakishika kasi katika makoloni ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Nchini Uganda serikali iliwaondoa watu kwenye fukwe na visiwa, Sese ikiwamo. Kando ya Ziwa Tanganyika Wajerumani walifungua kambi za wagonjwa.

Kwenye Mweru na Luapula, utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini uliwahamisha wavuvi. Kwa jamii ambazo chakula, kodi na biashara vilitegemea ziwa, hatua hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Samaki walipungua sokoni, ndugu wa pande mbili za ziwa walitenganishwa, na waliovuka usiku walihesabiwa kuwa wahalifu. Kumtenganisha mbung'o na binadamu kulipunguza maambukizi, lakini mzigo wake wote ulibebwa na wenyeji, ambao hawakuulizwa.

Urithi wake

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910 huko Baden-Baden, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu ya mwili wake yamehifadhiwa katika taasisi inayobeba jina lake mjini Berlin. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, msaidizi wake wa Sese, Friedrich Karl Kleine, alionyesha kuwa tripanosoma hukua kwa hatua ndani ya mwili wa mbung'o kabla ya kuambukiza tena.

Mwanasayansi mwingine aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ya Koch, Paul Ehrlich, alichunguza muundo wa atoxyl na kuubadilisha mara nyingi, akitafuta kemikali itakayoshika seli ya kijidudu na kuiacha ya mgonjwa. Kazi hiyo ilizaa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Kwa malale, njia ilikuwa ndefu zaidi: dawa nyingine yenye aseniki, melarsoprol, ilitumika tangu 1949 na yenyewe iliwaua baadhi ya waliotibiwa.

Mwaka 2018 zilipatikana taarifa za matumaini. Vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa kwa kiasi kikubwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, viliidhinishwa kutibu malale bila sindano na bila aseniki. Tangu mwaka huo wagonjwa wanaoripotiwa barani Afrika wamekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka, walio wengi wakiwa nchini Kongo. Aina nyingine ya ugonjwa huo, inayokwenda kwa kasi zaidi, bado hupatikana mashariki na kusini mwa Afrika, ikiwemo Zambia katika bonde la Luangwa.

Katika hospitali za mwambao wa Mweru, fundi wa maabara hulitandaza tone la damu kwenye kioo, hulitia rangi na kulitazama kwa hadubini, kwa utaratibu ambao Koch na wenzake waliusaidia kukua. Anachokitafuta hapo ni kujua seli iliyo mbele yake ni ya nani na imejengwaje. Dawa atakayopewa mgonjwa, na usalama wa dawa hiyo, hutegemea jibu hilo.